Mama, Mimi na Mkaja wa Unguja

Mwezi huu nakuletea safari. Wikiendi moja tu, Ijumaa hadi Jumapili, kutoka Dar kwenda Unguja, mimi na mama yangu mzazi. Tulikuwa tunakwenda kumwoza mdogo wangu, mtoto wa marehemu mama mdogo, ambaye mama alimlea tangu yuko darasa la pili. Sisi ni Walutheri wa Moshi. Bwana harusi ni Mwislamu, kazaliwa na kukulia Mji Mkongwe. Na mdogo wangu habadili dini. Umeshaona shughuli inapoanzia?

Mama alikuwa amesusa kwa miezi minne. Simu za mdogo wangu anapokea, habari za mvua na kuku anaulizia, lakini likitajwa neno harusi tu, ghafla anakumbuka ameacha chungu jikoni. Wiki ya mwisho akanipigia mwenyewe: “Kata tiketi mbili. Mtoto haolewi kama vile hana kwao.” Hakuongeza neno, na mimi sikuuliza. Nilishukuru Mungu nikakata tiketi.

Ndani ya boti mama alinishika mkono kama mimi ndiye ninayeogopa. Hajawahi kuvuka bahari maishani mwake. Safari yenyewe ni kama saa mbili hivi, na saa nzima ya kwanza aliimba tenzi kwa sauti ya chini. Halafu akaniuliza, bila kunitazama: “Hivi Jumapili ataenda kanisani?”

Nikakosa jibu. Jamani, mimi mtu wa kuandika mambo ya mahusiano kila mwezi! Kwa miezi minne mimi na mdogo wangu tulikuwa tunamhubiria mama: kwamba wanapendana, kwamba dunia imebadilika, kwamba Uislamu unamruhusu mwanamume kuoa mwanamke Mkristo. Yote kweli. Lakini hakuna aliyewahi kumuuliza anaogopa nini.

Basi nikamuuliza pale pale. Yakamwagika. Ataenda kanisani? Akienda, atashiriki tena meza ya Bwana, au mchungaji atasema kaolewa nje ya kanisa? Watoto watakuwa wa dini gani? Mume akifa, mtoto wetu atabaki na nini? Na la mwisho, taratibu kabisa: “Na mimi huko nitakuwa nani? Mama yake marehemu, na mimi si niliyemzaa.”

Jumamosi, baada ya sala ya alasiri, wanaume walikwenda msikitini kufunga ndoa. Sisi wanawake tulibaki nyumbani na bi harusi, hina mpaka kwenye viwiko, nyumba nzima inanukia udi. Mama alikuwa amevaa kitenge chake kipya na amekaa kiti cha mbele, akisubiri pete na “ndiyo, nakubali.” Mara vigelegele. Akageuka: “Kuna nini?” Akaambiwa, “Kashaolewa, mama!” Akashangaa: “Mbona sijaona kitu?” Nyumba nzima ikaangua kicheko, na yeye mwenyewe akacheka. Kwake ndoa ni kitu unachokishuhudia kwa macho. Kule ndoa husomwa msikitini, halafu bwana harusi huja kumpa mkono mkewe.

Kisha mama mkwe akaja na sinia limefunikwa kitambaa. Ndani yake kulikuwa na doti za kanga na bahasha. “Mwenzangu,” akamwambia mama, “huu mkaja wako.”

Kama hujui, mkaja ni kile kitambaa anachofungwa mwanamke tumboni akishajifungua. Kwa mila za Pwani, mama wa bi harusi hupewa zawadi yenye jina hilo, kumshukuru kwa uchungu na malezi, kama vile baba anavyopewa kilemba. Mahari yenyewe ni kitu kingine, ni mali ya bi harusi mwenyewe. Mama, aliyezoea mahari ya Kichaga inayopelekwa kwa wazee na mbege juu, alikuwa ameshajua kwamba yeye hana fungu.

Akasema, “Mimi sikumzaa huyu.” Yule mama akamjibu, “Tunajua. Katuambia. Ndiyo maana tumekuletea wewe, na aliyemzaa tumemsomea dua.” Mama alilia, mpenzi msomaji. Alimlilia mdogo wake, nadhani kwa mara ya kwanza mbele za watu.

Baada ya hapo ulimi ukafunguka. Akamuuliza mkwe mwenzie lile swali la boti. Nilitamani ardhi ipasuke! Yule mama akajibu bila kupepesa: “Kesho haendi. Yuko fungate, siku saba hatoki, awe wa msikiti au wa kanisa. Jumapili ya pili nitampeleka mwenyewe mpaka mlangoni.” Mama akatikisa kichwa. Kumbe alichodhani ni dini, kilikuwa mila.

Lakini nisikudanganye kwamba kila kitu kiliisha kwa vigelegele. Usiku bwana harusi alikuja kumsalimia mama, akakaa chini mkekani, na mama akauliza la watoto. Shemeji yangu hakuzunguka: watoto watalelewa Waislamu, na walishakubaliana na mkewe kabla ya kuvishana pete. Mama alinyamaza muda mrefu. Baadaye chumbani akaniambia, “Limeniuma. Ila ni afadhali mtu anayekuambia linalouma usoni.”

Jumapili asubuhi mjukuu wa nyumba ile alitumwa kutusindikiza hadi Kanisa Kuu la Anglikana Mkunazini, lile lililojengwa palipokuwa soko la watumwa, jiwe lake la msingi likiwekwa mwaka ule ule soko lilipofungwa, 1873. Mama alipiga magoti kuliko kawaida yake. Alipotoka alisema tu, “Twende, wanatusubiri chai.”

Haya sasa, tuje kwako wewe unayesoma huku mwenzio ni wa dini nyingine. Mapenzi peke yake hayajibu maswali ya mama yangu. Kaeni chini kabla ya kadi za mchango hazijachapwa. Siku za ibada na sikukuu mtafanyaje? Watoto je? Atakuja mke wa pili? Na mirathi: kwa sheria ya Kiislamu mke asiye Mwislamu hamrithi mumewe, ila mume anaweza kumwachia kwa wasia, usiozidi theluthi ya mali. Hilo linaandikwa mtu akiwa hai na mzima, si siku ya arobaini.

Ujue pia milango iliyopo. Mkatoliki anayefunga ndoa na Mwislamu kanisani anahitaji kibali cha askofu, na huahidi kufanya awezalo watoto wabatizwe. Sasa kama mwenzio naye ameahidi kuwalea Kiislamu, mmoja wenu atavunja ahadi. Binti wa Kiislamu haruhusiwi na masheikh walio wengi kuolewa na asiye Mwislamu. Kwa Bara, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inatambua ndoa ya serikali, ile ya bomani, kwa watu wa dini yoyote, na taarifa hutolewa siku 21 kabla. Hakuna mlango usio na gharama, kwa hiyo chagueni mkiwa macho.

Na mzazi aliyesusa? Acha kumhubiria. Muulize anaogopa nini, kisha funga mdomo usikilize. Pengine swali lake kubwa halihusu msikiti wala kanisa. Pengine anataka tu kujua kama bado ana nafasi kwa mtoto wake.

Wakati wa kurudi mama hakunishika mkono kwenye boti. Mikono yote miwili ilikuwa imekumbatia zile kanga.

Tukutane mwezi ujao, panapo majaaliwa.