Ua la Limuru, udongo wa Umoja
Haidranjia ikichanua fundo lake la buluu kwa muuza miche kando ya barabara, ni vigumu kuipita, na wengi wetu wa Umoja, Donholm na Buruburu, mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, tumeinunua, kisha ikatunyaukia mikononi kiangazi cha Januari kilipofika. Tusilaumu mkono wa mpandaji, tutazame udongo. Ua hili hustawi Limuru, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, penye ukungu na udongo mwekundu wenye asidi, na asidi hiyo ndiyo inayolitia ua rangi ya buluu. Ikipungua, ua hugeuka la waridi. Eastlands tuna udongo mweusi unaotuamisha maji wakati wa mvua na kupasuka nyufa za kuingiza kidole wakati wa jua, na maji ya mfereji yana siku zake. Jirani yangu amepanda yake ndani ya ndoo kuukuu ya rangi: alitoboa matundu chini kwa msumari wa moto, akajaza udongo mwekundu na samadi, akaiweka ukutani panapopata jua la asubuhi tu. Jioni huimwagia maji aliyooshea mchele, nayo inachanua. Asiye na kivuli wala maji ya ziada achague bogenvilia au mshubiri, mimea isiyodai mengi na inayopendezesha lango. Mitaa yetu inastahili maua. Basi tuchague yatakayovumilia nasi hadi mvua irudi.