Vita vya kumkinga mtoto dhidi ya HIV si vya mama pekee

Sera ya Kenya huagiza kila mja mzito anayepatikana na virusi vya Ukimwi aanzishiwe dawa mara moja na azitumie maishani. Bila kinga yoyote, watoto kati ya 15 na 45 katika kila 100 huambukizwa na mama zao. Kwa tiba, idadi hiyo huweza kushuka chini ya watano.

Hata hivyo, dawa hutolewa kliniki na kumezwa nyumbani. Mama asiyethubutu kumwarifu mumewe huficha vidonge ndani ya mkebe wa unga. Wageni wakishinda pale, dozi humpita.

Utata huzidi mtoto azaliwapo. Anatakiwa kunyonya tu kwa miezi sita, pamoja na dawa yake ya maji. Mama mkwe, aliyewalea wanawe kwa uji mwepesi, huona mjukuu akinyimwa chakula. Mkazamwana atamkataza vipi? Uji huo huweza kuchubua utumbo mchanga na kuvifungulia virusi njia, hasa mama akiwa amekosa dozi.

Wanaume hulaumiwa kwa kutoandamana na wake zao, na wengi wanastahili lawama. Lakini foleni ya kliniki humla kibarua ujira wa kutwa; kuwahudumia Jumamosi kungefaa kuliko mahubiri. Isitoshe, wapo wake waliofukuzwa baada ya kusema ukweli. Hao wasishurutishwe kumwambia mume kwanza. Dada au mama mzazi anayemkumbusha saa ya dawa anatosha kuanzia.