Itikadi ya Praima ya Kijivu

Miongoni mwa wapakao rangi magari ya mfano, kuanzia vijana wa Kambove na Likasi huku Kongo wanaokunja waya na kukata makopo ya maziwa wakaunda malori ya migodini, hadi wale wenye uwezo wa kuagiza maboksi ya vipande vya plastiki kutoka Japani, imeenea itikadi inayopokewa bila ya kuhojiwa: kwamba rangi ya praima haina maana, kwamba kijivu kinafaa chini ya kila rangi, na kwamba lolote litakalowekwa chini litafunikwa na lililo juu. Naipinga itikadi hii waziwazi, kwa sababu imeharibu kazi nyingi za mikono ambazo, ghairi ya kosa hilo moja, zilistahili kila sifa.

Asili yake si siri. Imetoka garaji. Anayejifunza humtazama fundi rangi wa magari makubwa akipiga pati, akipiga msasa, akapuliza praima ya kijivu juu ya kila gari lijalo, liwe jeupe au la rangi ya damu ya mzee, kisha akalirudisha kwa mwenyewe liking'aa. Basi anayejifunza hukata shauri kwamba lifaalo kwa gari kubwa lafaa kwa dogo. Lakini hesabu yakataa. Rangi yote ya gari lililotoka kiwandani, tangu praima hadi vanishi ya juu, aghalabu huwa na unene wa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita; na lau tungetaka gari la kipimo cha 1:24 lipakwe kwa kadiri ya udogo wake, ingetupasa kuugawa unene huo kwa 24, ukabaki sehemu nne tu za elfu za milimita. Kila mkono wa rangi unaoongezwa ili kukificha kijivu hujaza mstari wa mlango, huziba matundu ya grili, na huzifukia herufi za jina la gari ambazo mchongaji wa kalibu alizitaabikia. Fundi wa garaji anaweza kuongeza mkono wa tatu na wa nne bila ya hasara ya kuonekana. Sisi hatuna nafasi hiyo. Na hata huko garaji hoja haisimami sana, maana makampuni makubwa ya rangi za magari huuza praima za kijivu za daraja mbalimbali, kutoka iliyo karibu na weupe hadi iliyo karibu na weusi, ili fundi achague ile inayopatana na rangi itakayofuata.

Tuitazame nuru yenyewe inavyofanya kazi. Nuru hupenya katika rangi, ikafika chini, na ile inayorudi ndiyo inayotufikia machoni. Nyeupe iliyotengenezwa kwa titani huirudisha kwa nguvu. Nyeusi ya masizi huimeza. Na nyekundu ya hudhurungi itokanayo na chuma huzuia kila kilicho chini yake. Lakini nyekundu nyingi zilizo kali, na manjano nyingi zilizo safi, hupitisha nuru kiasi kikubwa, kwa hiyo kilicho chini yake hushiriki katika wajihi wake, apende mpakaji asipende. Ukiweka kijivu, sehemu ya nuru hupotea humo, na rangi ikatoka imefifia.

Chukua Datsun 240Z ambayo Edgar Herrmann na Hans Schüller walishindia mashindano ya Safari ya Afrika ya Mashariki mwaka 1971, gari jekundu lenye boneti nyeusi na namba 11, ambalo wapenzi wa magari ya mfano hawaachi kuliunda. Mpakaji aliyeanza na kijivu hupuliza nyekundu mkono wa kwanza, akaona rangi ya tofali. Huongeza wa pili, tofali limepungua kidogo. Na afikapo mkono ambao wekundu umekuwa wekundu, kingo za milango zimekwisha kuwa butu, ilhali kwenye pembe, ambako rangi hukimbia ikawa nyembamba, kijivu kingali kinachungulia. Mwenziwe aliyeanza na praima ya rangi ya waridi alimaliza kwa mikono miwili, na wekundu wake ni wa moto, sawa pembeni na katikati.

Kwetu Kambove kosa hili lina sura nyingine. Mji huu, ambao reli iliufikia mwaka 1913 kwa ajili ya shaba, umeishi na mashine tangu siku za kampuni ya migodi ya Union Minière hata za mrithi wake Gécamines, na si ajabu kwamba mtoto akikata kopo huunda lori la mgodi, na akilimaliza hutaka liwe la manjano. Bati hushika kutu, kwa hiyo hupakwa kwanza rangi ya kuzuia kutu, ile ya hudhurungi, nami sina ugomvi nayo, kwani pasipo hiyo kazi haitadumu. Ugomvi wangu ni na anayepaka manjano moja kwa moja juu yake, akapata rangi ya boga lililochemshwa, kisha akailaumu rangi ya dukani kuwa ni hafifu. Rangi haina taksiri. Mkono mmoja mwembamba wa nyeupe katikati ungalimpa manjano aliyoitaka. Aidha, wakati wa kiangazi, malori yakipita na vumbi jekundu likaingia kila mahali, punje za vumbi hilo hutua juu ya hudhurungi mbichi zisionekane kabisa, mpaka manjano ipite juu yake na chunusi zijitokeze ubavuni kote.

Kijivu kina heshima yake, nami sikinyimi. Kazi yake hasa ni ukaguzi: juu ya kijivu cha wastani, mkwaruzo wa msasa, shimo la pati na kiungo kisichosawazishwa huonekana kwa kivuli chake, ilhali nyeupe hung'aa ikavificha na nyeusi ikavimeza. Basi mpakaji akikipuliza kwa wepesi, akakagua, akasawazisha, amefanya vyema. Lakini maadamu amekwisha kukagua, kazi ya kijivu imekwisha, na shauri la rangi ya chini linaanza upya. Nao waliokimbia kijivu wakaamrisha nyeupe kila mahali wamebadilisha amri tu, maana fedha ing'aayo kama kromu hutaka nyeusi laini yenye mng'ao chini yake, na rangi angavu za kioo hutaka fedha au dhahabu.

Nitaambiwa kwamba praima ya waridi haipatikani madukani Likasi, na kwamba si kila mtu awezaye kununua makopo matatu. Ni kweli, lakini si udhuru. Anayetumia rangi ya kopo na brashi anaweza kutia matone machache ya nyekundu yake katika nyeupe ya jinsi ileile, na waridi ikapatikana bila ya gharama ya ziada. Aangalie tu asipitishe rangi iliyozimuliwa kwa tina kali juu ya rangi ya mafuta, kwani ya chini itajikunja yote na kazi itarudi kwenye bati tupu.

Basi, ndugu zangu, na hasa ninyi vijana mnaojifunza, msinikubalie kwa maneno. Chukueni kipande cha bati, mkigawe sehemu tatu, kijivu, nyeupe na waridi, mpitishe nyekundu juu ya zote kwa mikono iliyo sawa, mkitoe juani mkitazame, kisha ndipo mguse gari lenyewe.