Mstari Mmoja Hautoshi

Katika zahanati nyingi za Migori na Homa Bay, mbali na maabara kubwa, virusi vya Ukimwi hupimwa kwa tone la damu ya kidole. Jibu hupatikana kwa muda usiozidi nusu saa. Vipimo hivi ni vizuri, nami huvitumia. Lakini vingi havitakiwi kukaa penye joto la kupita nyuzi 30, na huko ziwani stoo huchemka. Mstari ukisomwa kwa kuchelewa, nao waweza kudanganya. Mwaka wa 2019 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilishauri mtu asiambiwe ameambukizwa mpaka vipimo vitatu mfululizo vikubaliane. Nimeona mhudumu, foleni ikiwa ndefu, akitaka kuishia cha kwanza. Dawa ni za maisha, na ndoa huvunjika. Ukikalia kiti hicho, dai viwili vilivyobaki.