Njia Tatu za Uzamivu: Binti wa Singe Afuate Ipi?

Wahenga walisema njia mbili zilimshinda fisi. Jumapili hii tunazo njia tatu, na aliyesimama kwenye njia panda ni binti wa mkulima. Tumweke Singe, pembezoni mwa mji wa Babati, mkoani Manyara, ambako mahindi na mbaazi hukua katika shamba moja. Tumpe umri wa miaka ishirini na saba na shahada ya uzamili ya hisabati tumizi. Mezani kwao pana barua tatu zinazomwita akasomee shahada ya uzamivu: moja imetoka Arusha, ya pili Sweden, ya tatu Marekani. Binti huyu ni mfano tu, lakini shauri lake ni la kweli, nasi tumeona tulizungumze hapa kwa sababu halimhusu yeye peke yake. Baba, mama na wadogo zake wote wamo ndani ya barua zile.

Kwanza tuelewane juu ya somo lenyewe. Hisabati tumizi ni ile hisabati inayotoka ubaoni na kwenda kupima mambo ya dunia: maji yanavyopita, ugonjwa unavyoenea, udongo unavyoporomoka. Mtu wa Babati haihitaji mifano ya mbali. Mwaka 1990 Ziwa Babati lilifurika na kuutia mji mashakani. Mwaka 2007 Homa ya Bonde la Ufa iliwapata watu na mifugo katika mikoa kadhaa ya Tanzania, Manyara ukiwa mmojawapo. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe kutoka Mlima Hanang viliuangukia mji mdogo wa Katesh, na zaidi ya watu 80 wakapoteza maisha. Katika kila tukio la namna hiyo yapo maswali ambayo mwanahisabati anaweza kuyaandikia milinganyo: maji yatafika wapi, baada ya muda gani, na ng'ombe wangapi wachanjwe ili ugonjwa ukome. Basi asije mtu akamwambia binti huyu kwamba anakwenda kusomea namba zisizo na kazi.

Neno uzamivu latokana na kuzama. Mzamiaji mwenye busara hababaishwi na uzuri wa bahari. Huuliza kwanza ni nani atakayeishika kamba huku juu, na kama kamba hiyo inafika chini. Hilo ndilo shauri letu lote la leo. Mwenye kamba ni msimamizi wa masomo, na urefu wa kamba ni fedha. Jina la nchi na sifa za chuo huja nyuma ya hayo mawili.

Tuzitazame barua moja moja.

Barua ya Arusha imetoka katika Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Afrika ya Nelson Mandela, iliyoanza kupokea wanafunzi mwaka 2011. Kutoka Babati ni safari ya kilometa kama 170, barabara ya lami. Hisabati tumizi imo katika masomo yake, na maswali yanayofanyiwa kazi hapo huwa ya kwetu: mifugo, maji, mazao na maradhi. Mwanafunzi hubaki karibu na takwimu zake na karibu na wazazi wake. Lakini katika vyuo vya nyumbani, yaani Arusha, Dar es Salaam na kwingineko, kukubaliwa na chuo ni jambo moja na kulipiwa ni jambo jingine. Yumkini barua ikasema "umekubaliwa" bila kutaja ni nani atakayelipa ada, wala ni nani atakayemlisha mwanafunzi kwa miaka mitatu au minne. Barua ya namna hiyo ni mlango uliofunguliwa katika nyumba isiyo na jiko.

Ipo pia njia ya kati. Mwanafunzi huandikishwa nyumbani au ng'ambo, akawa na msimamizi huku na mwingine kule, na kila mwaka hukaa ugenini miezi kadhaa kisha akarudi. Mpango wa Hisabati wa Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, ulioanza mwaka 2002 kwa msaada wa Chuo Kikuu cha Uppsala cha Sweden, ulisomesha watu kwa mtindo huo. Vyuo vikuu vya Dar es Salaam, Nairobi na Makerere vilikuwa miongoni mwa washirika wake. Ni vema aliyeitwa Arusha aulize mapema: je, upo uwezekano wa kwenda mahali pengine kwa miezi michache, kusoma na kukutana na watu wa fani yake? Hisabati haihitaji maabara kubwa, lakini inahitaji sana watu wa kubishana nao.

Barua ya Sweden ni ya namna nyingine. Huko, kama ilivyo Uholanzi, mwanafunzi wa uzamivu aghalabu huajiriwa na chuo. Halipi ada, hupokea mshahara, hukatwa kodi, na akijaliwa mtoto hupata likizo ya uzazi yenye malipo. Masomo huhesabiwa miaka minne, nayo hufika mitano ikiwa anafundisha pia. Lakini mwajiriwa huajiriwa kwa kazi maalumu. Swali la utafiti mara nyingi limekwisha kuandikwa kabla hajafika, na msimamizi amekwisha kupatikana. Likimchosha swali hilo katika mwaka wa pili, kulibadilisha si jambo jepesi. Kwa hiyo na alisome tangazo la kazi neno kwa neno, ajiulize kama yuko tayari kulala na kuamka nalo kwa miaka minne.

Wala asidhani kwamba kwenda mbali ni kuyaacha ya nyumbani. Mwaka 1995 jarida moja la jiografia la Sweden lilichapisha utafiti juu ya mafuriko ya Ziwa Babati, ukiuliza kama chanzo chake kilikuwa ni kubadilika kwa uoto wa nchi. Kama maji ya Babati yaliweza kusomwa kule na mgeni, hakuna sababu ya kumzuia mwenyeji asiyasome akiwa popote, mradi msimamizi wake akubali.

Barua ya Marekani ndiyo ndefu kupita zote. Masomo huchukua miaka mitano au zaidi. Miaka miwili ya kwanza aghalabu ni ya madarasa na mitihani mikubwa, na asiyeishinda mitihani hiyo mara nyingi huondoka na shahada ya uzamili tu. Katika idara nyingi za hisabati mwanafunzi husamehewa ada na kupewa posho kwa kufundisha wanafunzi wa shahada ya kwanza. Msimamizi huchaguliwa baadaye, si siku ya kwanza. Hii ni faida kwa asiyejua bado atazamia wapi, na ni hatari kwa anayemtegemea profesa mmoja tu, kwa kuwa profesa huyo anaweza kuhama au kustaafu. Anayekwenda huko na ahakikishe kwamba katika idara wapo angalau watu watatu ambao angefurahi kufanya kazi chini yao.

Sasa tuje kwenye fedha, maana hapo ndipo nyumba nyingi hukosea hesabu. Posho ya ng'ambo ikigeuzwa kuwa shilingi huonekana mlima. Lakini haitumiwi Babati. Hutumiwa kule kule inakolipwa. Tuseme, kwa mfano, posho ya mwezi ni sehemu 100. Pango likichukua 45, chakula 25, nauli, bima na ada ndogo ndogo 20, zinabaki 10. Kama posho yenyewe hulipwa miezi tisa tu kwa mwaka, jambo ambalo hutokea Marekani, jumla ya mwaka ni sehemu 900, ilhali matumizi ya miezi kumi na miwili ni 1,080. Pengo ni 180. Kumbe mlima ule umegeuka shimo, na hapo hatujataja senti moja ya kutuma nyumbani. Hesabu hii ifanywe kwa kila barua, kwa bei za mji wenyewe, kabla ya kusaini chochote.

Maswali ya fedha ni machache, nayo yajibiwe kwa maandishi. Ufadhili ni wa miaka mingapi? Unategemea nini ili uendelee? Miezi ya likizo inalipwa? Bima ya afya inalipwa na nani? Nauli ya kwenda na gharama za viza ni juu ya nani? Chuo chenye nia njema hakikasiriki kuulizwa. Tena jihadharini na wakala yeyote anayedai alipwe ili "kuharakisha" nafasi ya uzamivu. Nafasi ya kweli hutafutwa kwa mwombaji mwenyewe kuandikiana na chuo.

Juu ya msimamizi, asiulizwe yeye peke yake. Waulizwe wanafunzi wake wa sasa na waliokwisha kumaliza. Huchukua muda gani kuisoma sura aliyoletewa? Wangapi walianza naye na wangapi walimaliza? Waliomaliza wako wapi leo? Profesa mashuhuri asiye na nafasi ya kukuona ni sawa na kisima kirefu kisicho na ndoo. Afadhali asiyejulikana sana, anayekaa na mwanafunzi wake kila wiki na kumwambia ukweli.

Wapo wanaohofu kwamba msichana akizama mbali hivyo atapotea. Hao tuwakumbushe habari za Profesa Verdiana Masanja, Mtanzania wa kwanza mwanamke kupata shahada ya uzamivu ya hisabati. Alisoma shahada zake za awali Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kisha akaenda Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin, ambako mwaka 1986 alihitimu kwa utafiti juu ya mwendo wa vimiminika ndani ya mabomba. Akarudi kufundisha Dar es Salaam hadi akawa profesa, na baadaye akafundisha Rwanda pia. Tazameni mpangilio wake: msingi ulijengwa nyumbani, mbinu ikatafutwa ilikokuwapo, kazi ikarudi ukanda wetu.

Wazazi nao wana sehemu yao. Baba na mama, msianze kwa kuuliza "Ni nchi gani?" ili mpate la kusimulia msikitini au kanisani. Ulizeni, "Nani atakusimamia, na mwaka wa nne utakula nini?" Kisha semeni wazi mnachohitaji. Kama mlikuwa mkimtegemea awalipie wadogo zake karo, tamkeni kabla hajaondoka, mkubaliane kiasi anachokiweza au mkubaliane kwamba miaka hiyo hatatuma kitu. Deni lisilosemwa humfuata mwanafunzi hadi maktabani. Ikiwa mzazi ni mgonjwa, ijulikane nani atamuuguza. Na lile neno la "utaolewa lini?" lisifanywe kamba ya kumvutia nyuma, wako wanaofunga ndoa wakiwa masomoni, na wako wasioolewa wakiwa wamekaa nyumbani. Naye binti asiwafiche wazazi idadi ya miaka. Mitano ni mitano. Asiseme mitatu ili kuwapoza roho.

Kama ana kazi serikalini au chuoni, asiondoke bila ruhusa ya masomo iliyoandikwa, na ausome mkataba wa kurudi kazini hadi mstari wa mwisho. Aulize pia Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania kuhusu utambuzi wa shahada za nje, ili asije akarudi na cheti cha kubishaniwa.

Kuhusu muda wa kujibu, vyuo vikuu vingi vya Marekani vimekubaliana kwamba aliyepewa nafasi yenye ufadhili halazimiki kujibu kabla ya tarehe 15 Aprili. Basi asikubali kusukumwa. Lakini akisha kuamua, awaandikie wale wengine siku ile ile, kwa adabu na shukrani. Nafasi anayoikalia bila kuitaka ni ya mtoto wa mtu mwingine, na profesa aliyekataliwa kwa heshima leo anaweza kuwa mshirika wake wa kesho.

Mtatuuliza: basi binti wa Singe aende wapi? Sisi tungempanga hivi. Kama Arusha wanamwandikia ufadhili wa miaka yote, yupo msimamizi anayemaliza na wanafunzi wake, na swali lake ni la ziwa au la mifugo ya Manyara, na aende Arusha, akiomba miezi ya kukaa ng'ambo. Asione haya kwamba basi lake linafika siku hiyo hiyo. Kama Arusha ni mlango bila jiko, na swali la Sweden analipenda, aende Sweden, maana mshahara ulioandikwa ni bora kuliko ahadi ya mdomo. Marekani aichague ikiwa bado hajajua atazamia wapi, anao moyo wa kurudi darasani na kufanya mitihani, na nyumba yake inaweza kumngoja miaka mitano au zaidi. Na kama hakuna hata barua moja yenye kamba inayofika chini, angoje mwaka, afundishe, aombe tena. Kungoja si kushindwa.

Ukitaka kuruka, agana na nyonga. Wiki hii, nyumba yenye kijana wa namna hii na ikae mezani na karatasi, kalamu na barua zote, ifanye hesabu pamoja. Tukutane Jumapili ijayo, Mungu akipenda.