Okestra ya Kismayu Ipewe Siku Yake

Kila Desemba makanisa na kumbi za Nairobi, Dar es Salaam na Kampala hufurika watu wanaokwenda kusikiliza kwaya. Waimbaji wamekuwa mazoezini kwa miezi, sare zimeshashonwa, wapiga fidla na tarumbeta wameshapangiwa viti, na tangazo limesomwa redioni mara nyingi kiasi kwamba hata asiyekwenda anajua siku na saa. Ukivuka mpaka wa Ras Kiamboni ukapanda kaskazini kuelekea Kismayu, Desemba ni mwezi kama mwezi mwingine. Hilo si ajabu, kwa kuwa wenyeji ni Waislamu. Lakini mwaka 2015 serikali ya Somalia ilipopiga marufuku sherehe za Krismasi na mwaka mpya, ikisema haziuhusu Uislamu, kalenda ilikuwa imeleta jambo ambalo wachache walilitilia maanani. Maulidi ya mwaka huo yaliangukia wiki ile ile, siku moja au mbili tu kabla ya Krismasi. Yakasemwa mengi juu ya sikukuu iliyokatazwa, na machache juu ya ile iliyokuwa ya wenyeji.

Hoja yangu ni hii: mwambao wa Kismayu na visiwa vya Wabajuni hauna haja ya kuiga tamasha la Krismasi la mtu yeyote. Una haja ya vile vitu vinavyolifanya tamasha hilo lidumu kizazi baada ya kizazi, navyo ni siku inayojulikana, kundi lenye wanachama na mazoezi, na mtu anayebeba gharama. Waimbaji wapo, ala zipo, nyimbo zipo. Mambo hayo matatu ndiyo yanayokosekana, na bila hayo utajiri uliopo utazikwa pamoja na wazee walioubeba.

Wapo watakaocheka kusikia neno okestra likitajwa pamoja na visiwa kama Koyama, Chovai au Chula. Basi tuhesabu. Katika mila ya muziki ya Wabajuni na majirani zao wa Lamu, zumari hubeba wimbo, vumi hutoa sauti nzito ya chini, chapuo huchangamsha juu yake, upatu hushika mapigo, na matari huingia pale sauti za watu zinapotangulia. Kila ala ina kazi yake na mpigaji wake, na hakuna anayejipigia tu. Hiyo ndiyo maana ya okestra popote duniani. Goma huchezwa na wanaume waliojipanga mstari, bakora mkononi, wakisogea taratibu kwa hatua moja, na aliyekosea hatua huonekana mara moja. Kirumbizi hupigwa kwa fimbo mbele ya zumari. Vave, nyimbo za wakulima wa Kibajuni, huimbwa usiku kabla ya kuchoma shamba lililofyekwa. Mmoja hutupa ubeti, wengine huupokea, na kazi hiyo huendelea kwa saa nyingi bila karatasi. Mkuu wa kwaya yeyote wa mjini anajua ugumu wa kuwaweka watu pamoja kwa muda huo wote bila kuandika hata mstari mmoja.

Kaskazini zaidi, Barawa ina hazina yake. Tenzi za Kibarawa, ziitwazo steenzi, zilitungwa na masheikh na akina mama wasomi, na mmoja wao, Dada Masiti, aliyefariki mwaka 1919, anakumbukwa hadi leo. Sheikh Uways al-Barawi, aliyezaliwa mwaka 1847, alieneza tarika ya Qadiriyya pamoja na dhikri zake hadi Zanzibar. Kwa hiyo pwani hii haikuwa mpokeaji wa muziki wa ibada tu. Iliusafirisha pia. Anayesema kuwa tamasha la nyimbo za dini ni jambo geni kwa watu hawa hajaisoma historia yao.

Sasa tuangalie namna matamasha ya sikukuu yanavyosimama. Messiah ya Handel, ambayo leo huimbwa Krismasi karibu kila mji wenye kwaya kubwa, haikuanza Krismasi. Ilipigwa mara ya kwanza Dublin mwezi Aprili 1742, na mapato yakaenda kwa hospitali na kwa wafungwa wa madeni. Baadaye ikapata makao katika kituo cha kulelea watoto waliotupwa London, ambako ilirudiwa mwaka hadi mwaka kwa ajili ya kuchangia kituo hicho. Ilidumu kwa sababu ilipata nyumba na msimu. Ibada ya nyimbo za Krismasi ya King's College, Cambridge, ilianza Desemba 1918, Vita Kuu vilipokuwa ndiyo kwanza vimekwisha, na aliyeianzisha alikuwa kasisi aliyetoka vitani. Ilipoanza kutangazwa redioni mwaka 1928, watu wasiowahi kufika Cambridge wakaifanya yao. Hapa Afrika, Armand Diangienda, mjukuu wa Simon Kimbangu, alianzisha okestra ya kanisa la Kimbangu mjini Kinshasa mwaka 1994, na wapigaji wakawa wanapokezana fidla chache zilizopatikana. Kanisa hilo, kwa taarifa ya wasomaji, husherehekea Krismasi tarehe 25 Mei. Mtu anaweza kubishana nalo kuhusu tarehe, lakini hawezi kubisha kwamba lina tarehe na linaishika. Zanzibar, Ikhwani Safaa, klabu ya taarabu, ilianzishwa mwaka 1905 na ipo mpaka leo, ikiwa imepita mikononi mwa sultani, mkoloni na mapinduzi. Mifano hii haifanani kwa dini wala kwa fedha. Inafanana kwa jambo moja: kundi lilikuwa chama kabla ya kuwa onyesho.

Siku ya Kismayu, basi, iwe Maulidi. Pingamizi la kwanza, na ndilo zito kuliko yote, ni la dini. Wapo masheikh wanaoona Maulidi ni uzushi, na wapo wanaokataza ala zote isipokuwa dufu, na wengine hata hilo. Hawa hawapaswi kudharauliwa, maana wengi wao wanasema kwa ikhlasi. Ila mwambao umeshaupitia mjadala huu, na ulijibiwa na mwanachuoni, si na msanii. Habib Swaleh, mzaliwa wa Visiwa vya Ngazija aliyeweka makao Lamu, aliingiza matari katika usomaji wa Maulidi ya Habshi ndani ya msikiti, akapingwa vikali na wakubwa wa mji. Aliwafundisha pia watu waliokuwa hawapewi nafasi darasani, wakiwemo watumwa na wazao wao. Msikiti wa Riyadha aliouasisi ndio leo unaovuta maelfu ya wageni kila Mfungo Sita, na Lamu nzima hupata riziki kwa siku hizo. Busara yake ilikuwa kuweka mambo mahali pake. Matari yaliingia msikitini, na goma na mashindano ya mashua yakabaki uwanjani na baharini. Kismayu inaweza kufuata mpango huo huo, usomaji na kasida chini ya masheikh, zumari na vumi nje ya msikiti, na asiyeridhika na la pili asilazimishwe kulihudhuria.

Pingamizi la pili ni la usalama na njaa. Kismayu ilikuwa mikononi mwa al-Shabaab kuanzia Agosti 2008 hadi majeshi ya Kenya na washirika wake walipoingia mwishoni mwa Septemba 2012. Katika miaka hiyo makaburi ya masheikh yalibomolewa na muziki ukawa kosa. Mogadishu, jumba la taifa la maonyesho lililofunguliwa mwaka 1967 lilifunguliwa tena baada ya vita, na wiki chache baadaye, Aprili 2012, likalipuliwa na mtu aliyejitoa mhanga katikati ya sherehe. Kwa hiyo anayeuliza kama ni salama kukusanya watu anauliza swali la haki. Jibu langu ni kwamba tusianze na umati. King's College ilifika mbali kwa redio, si kwa kupanua ukumbi. Kundi la watu 30 linaweza kusoma na kuimba ndani ya ua uliolindwa, likarekodiwa, na sauti ikafika Koyama, Mombasa na London usiku huo huo kwa simu. Na kuhusu njaa, turudi Dublin: tamasha lile la kwanza lilikuwa la kuchangisha fedha. Harambee ya Maulidi kwa ajili ya zahanati au kisima cha Chula si anasa inayompokonya mwenye njaa sahani yake.

La tatu ni kwamba Wabajuni wa Somalia ni wachache na wametawanyika. Kweli. Dola ya Siad Barre ilipoanguka mwaka 1991 wengi walikimbilia Kenya kwa bahari, wakakaa kambini Mombasa, na kambi zilipofungwa baadhi wakarudishwa visiwani huku wengine wakienda mbali zaidi. Katika siasa za Somalia, mgawanyo wa 4.5 uliotokana na mkutano wa Arta mwaka 2000 huzipa koo kubwa nne fungu moja moja, na jamii ndogo zote, Wabajuni wakiwamo, hugawana nusu. Uingereza, Wabajuni walioomba hifadhi wamehojiwa juu ya visiwa vyao, na matamshi yao yakarekodiwa na kupelekwa kwa wachambuzi ili ijulikane kama kweli ni Wabajuni. Jamii ambayo lugha yake imefanywa kuwa cheti cha utambulisho haiwezi kuachia nyimbo za lugha hiyo zipotee, kwani ndani yake mna majina ya mashamba, miti na kazi ambayo kijana aliyezaliwa kambini hakuyapata kwingine. Uchache, kwa hiyo, ni sababu ya kuharakisha.

Lipo pingamizi jingine ambalo husemwa na watafiti na wapenda mila: kwamba wimbo ukitolewa shambani ukawekwa jukwaani hufa, na wanasiasa huutumia kujipamba. Nusu ya kwanza siikubali kikamilifu. Vave bila shamba la kuchoma haina kazi yake ya asili, ni sahihi, lakini mashamba mengi ya Wabajuni upande wa bara hayalimwi na wenyewe tena, na wimbo uliobaki kichwani mwa mzee mmoja umo hatarini kuliko ulio jukwaani. Hargeisa, kanda za redio zilifukiwa ardhini mwaka 1988 mji ulipopigwa mabomu, na kwa sababu hiyo muziki wa Wasomali wa kaskazini ulipata wasikilizaji wapya duniani miaka 30 baadaye. Nusu ya pili naikubali yote. Kundi linaloitwa tu rais anaposhuka uwanja wa ndege si kundi, ni mapambo. Ndiyo maana nasisitiza siku ya sikukuu, siku ambayo haiko mikononi mwa ofisi yoyote, na uongozi wa wazee na wapigaji wenyewe.

Kinachotakiwa si kikubwa. Serikali ya Jubaland itoe jengo la mazoezi na ulinzi, isitoe mkurugenzi. Wazee wa Kibajuni na Kibarawa wachague nyimbo za kuanzia na walimu wa kuzifundisha, wanawake wakiwa na nafasi yao, kwa kuwa tenzi nyingi za Barawa zimehifadhiwa na akina mama. Ndugu walio Mombasa, Uingereza na Marekani walipie ala, vifaa vya kurekodia na posho za walimu, kwa daftari linaloonekana na kila mchangiaji. Ratiba izingatie bahari: Mfungo Sita husogea kama siku 11 kila mwaka, na miaka unapoangukia kusi kali, mashua za kutoka visiwani zisisubiriwe dakika za mwisho, bali waimbaji wafike Kismayu mapema. Mwaka wa kwanza waimbe 30 na wakosee. Mwaka wa pili wawe na wale waliokosea nao mwaka wa kwanza. Kwaya zote tunazozisifu Desemba zilianza hivyo, na hakuna hata moja kati yake iliyosubiri amani kamili, fedha kamili na ruhusa ya kila mtu ndipo ifungue mdomo.