Trauti hawatauponya Mto Koga
Mwandishi aliyedai kwamba mito ya Ipole, hapa Tanzania, itapona tukiwaondoa wavuvi wa hapa na kuleta trauti wavuliwe na watalii kwa ndoana, kama kwenye milima ya Kenya, haijui mito anayoizungumzia. Trauti ni samaki wa maji baridi. Walowezi wa Kiingereza ndio waliowapandikiza kule. Koga na Ugalla, mito yetu, ni mito ya miombo, maji yake vuguvugu. Wakati wa kiangazi mito hii hukatika, vikabaki vidimbwi, na humo kambale na perege hujibanza wakingoja masika. Hatari iko hapo: kokoro moja, au sumu kidogo tu, yaweza kukomba kidimbwi kizima. Sumu imekatazwa na Sheria ya Uvuvi ya Tanzania ya mwaka 2003. Sheria hiyo isimamiwe, na wavuvi wa Ipole wapewe ulinzi wa vidimbwi hivyo.